Siku tatu Sevilla: niende Juma Takatifu yenyewe ao kisha Pasaka?

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Jambo yenu wote humu. Naomba mawazo ya watu wenye walishafika Hispania, zaidi sana Sevilla.

Niko mwalimu wa historia hapa Bukavu, mwaka wa kumi na mbili sasa niko naandika kwa ubao Kolombo, Magellan, safari za Amerika, biashara ya watumwa, na sijawahi kugusa hata jiwe moja la ile fasi mambo ilianzia. Yaya wangu eko Madrid, ameolewa kule, mwaka huu aliniita na viza imetoka, namushukuru Mungu. Nitakuwa kwake wakati wa likizo ya Pasaka, wiki mbili hivi. Yaya anasema Madrid peke yake iko na mambo mingi ya kuona, nakubali, lakini roho yangu iko Sevilla tangu kitambo na nimemuomba aniachilie siku tatu tu niende.

Sasa hapa njo nashindwa kukata shauri. Mi ni mutu wa korale, naimba besi, na nasikia Juma Takatifu ya Sevilla haina mufano. Yaya anasema kwenda ile juma ni kutupa franga, vyumba vinapanda beyi, watu wanajaa mupaka huwezi kuvuka barabara, na fasi nyingi za kutembelea zinafunga. Yeye anataka niende kisha Pasaka. Niko na euro 300 ya safari yote, tiketi, kulala, kula, kuingia, na nusu yake ni zamu yangu ya likelemba ya walimu, kwa hiyo siwezi kucheza nayo.

Kitu ya pili. Wanafunzi wangu waliniuliza swali moja na nilijibu vibaya, najua nilijibu vibaya. Kijana mumoja aliangalia karta ya ukuta akasema Mwalimu, huu muji hauko kwa bahari, sasa zile boti kubwa za Amerika zilikuwa zinatia nanga wapi? Nikasema kwa muto. Akasema muto gani unabeba boti ya kwenda Amerika, Ruzizi yetu haibebi hata pirogi kutoka hapa kufika Uvira. Darasa lote likanyamaza wananiangalia. Nataka kurudi na jibu yenye nimeona na macho.

Na ya mwisho, semeni kweli bila kuficha: mutu mweusi peke yake, hajui Kispanyola, wanamupokea namna gani kule?

Mwana_wa_Birere (Goma)

Mwalimu, nenda Juma Takatifu. Sevilla sijafika, nilipita Madrid na Valencia kwa mambo ya kazi, lakini akili yangu inaniambia hivi, majengo yamesimama pale miaka 800, yatakungojea, Alhamisi Kuu haingojei mutu.

Kitu najua vizuri ni treni. Ile ya mbio ya Madrid-Sevilla njo ilikuwa ya kwanza ya aina yake Hispania, ilifunguliwa 1992, saa mbili na nusu hivi umefika stasio ya Santa Justa. Lakini beyi yake inabadilika kila siku sawa beyi ya nyanya kwa soko, ukinunua mapema unalipa kidogo, ukingojea siku ya safari utalia. Mwambie yaya wako anunue leo leo.

Furaha_Nguba (Bukavu)

Mwalimu, nimesoma swali lako mara mbili. Niliishi Sevilla miaka mine, upande wa Triana, kazi yangu ilikuwa kutunza bibi mumoja muzee, kila asubuhi namusukuma na kigari chake mupaka kwa daraja aangalie mayi. Kwa hiyo acha nianze na muto, ju bila muto huwezi kuelewa kitu yoyote ya kule.

Guadalquivir si Ruzizi. Ruzizi yetu inatoka kwa ziwa inaanguka kwa mawe, iko na hasira. Guadalquivir ina kilometa 657, na kutoka Sevilla kushuka kwa bahari inchi iko tambarare sawa meza, ni kilometa 80 na kitu ya mayi yenye kutulia, bahari ikijaa mayi inapanda ndani ya muto mupaka Sevilla, ikitoka inashuka nayo. Boti za tanga zilikuwa zinapanda na ile mayi ya kujaa. Mupaka leo Sevilla iko bandari, bandari ya muto, na katika Hispania nzima hakuna ingine ya namna hiyo. Sasa jiweke fasi ya mufalme: uko na bandari yenye imejificha ndani ya inchi, haramia hawezi kuifikia hivi hivi, na mulango ni mumoja tu, kila boti unaihesabu. Mwaka 1503 wakaweka pale Casa de Contratación, bilo yenye ilishika biashara yote ya Amerika, dhahabu, feza, karta za bahari, mitihani ya manahodha, na ruhusa za kupeleka watumwa pia. Magellan aliondokea pale tarehe 10 mwezi wa 8 mwaka 1519 na boti 5. Kisha miaka tatu yenye ilimaliza muzunguko wa dunia ni moja, Victoria, na watu 18 tu ndani, Elcano njo kiongozi, Magellan alishakufa njiani. Walishuka wamekonda, miguu bila viatu, mishumaa kwa mukono, wakaenda moja kwa moja kwa kanisa kushukuru. Kanisa la kwanza walilopiga magoti lilikuwa huku kwetu Triana.

Na mwambie ule kijana nusu ya pili ya jibu, ju ile nusu watu hawaisemi: muto njo uliipa Sevilla utajiri, na muto njo uliinyanganya. Boti zilikuwa zinaongezeka ukubwa na mchanga unajaa kule unapoingia baharini, fasi inaitwa Sanlúcar, boti zikawa zinakwama ao kuvunjika pale pale mulangoni. Mwaka 1717 wakahamisha ile Casa kwenda Cádiz, kwa bahari yenyewe. Hata yale mayi utayaona leo chini ya daraja la Triana si muto unaotembea tena, ni mukono wenye walifunga, muto mukubwa waliupitisha pembeni upande wa magharibi kwa sababu ya mafuriko. Sisi wenye tunajua mvua ikipiga Kadutu udongo unashuka na manyumba, tunaweza kuelewa ju ya nini watu wanaweza kuchukua muto muzima kuuhamisha.

Simama kwa lile daraja, usipite mbio. Lilijengwa 1852. Mbele yake, tangu 1171, watu walikuwa wanavuka juu ya mashua zilizofungwa na minyororo, muji mukubwa vile, na punda na mizigo, karibu miaka 700 wanavuka juu ya mashua. Ukiangalia kushoto utaona munara wa Torre del Oro, wa mwaka 1220-21 hivi, ulikuwa wa kulinda ile bandari.

Wewe mwalimu usikose Archivo General de Indias. Iko katikati ya kanisa kuu na kasri, watalii wanaipita kama hawaioni, na kuingia ni bure. Mufalme Carlos III aliianzisha 1785 ili makaratasi yote ya Amerika yakae fasi moja, leo banahesabu kurasa karibu milioni 80. Yenyewe hawakupatie kushika bila ruhusa, lakini kuko maonyesho, na hata kutembea tu ndani ya ile nyumba ukijua nini imelala kwa yale makabati, mi ilinishika tumbo.

Sasa nifike kwa kitu yenye imefanya nikuandikie usiku huu wa manane.

Kuko kanisa kidogo, Capilla de los Ángeles, kwa barabara ya Recaredo, nje kidogo ya katikati ya muji. Mwisho wa karne ya 14 askofu mkuu wa kule, Gonzalo de Mena, alifungua hospitali ya Waafrika, ju watumwa wenye walizeeka ao kugonjwa mabwana wao walikuwa wanawatupa nje wafie barabarani. Hapo njo kikazaliwa kikundi cha sala cha watu weusi, wanatunzana, wanazikana, wanabeba sanamu yao kwa Juma Takatifu kama vikundi vya wazungu. Mwalimu, kile kikundi kingali kizima! Zaidi ya miaka 600. Jina lake lenyewe ni refu, watu wanakiita Los Negritos, na kinatoka kila Alhamisi Kuu. Pembeni ya kanisa kuko barabara inaitwa Conde Negro, ju mwaka 1475 wafalme Isabel na Fernando walimuweka mutu mweusi, Juan de Valladolid, awe muamuzi wa Waafrika wote wa Sevilla, aamue kesi zao, na watu wakamuita hivyo, Mukubwa Mweusi. Na kuko simulizi kikundi kinahifadhi mupaka leo kwamba wakati fulani walikosa franga za sikukuu ya Bikira Maria, ndugu wawili wenye walishapata uhuru wakajiuza tena kwa utumwa ili sikukuu ifanyike.

Leo wenye kutembea ndani yake karibu wote ni weupe, watu wa Sevilla. Lakini mwaka wangu wa kwanza nilisimama pale kwa barabara, Bikira anapita na mishumaa yake yote inawaka, nikafikiri nani alimubeba wa kwanza, miguu yangu ikakataa kusimama. Mama mumoja nyuma yangu akanishika mukono, hakuniuliza kitu.

Sasa swali lako la mwisho. Jitayarishe kwa ile nguo. Wenye kutembea wanavaa kanzu na kofia ndefu yenye ncha, inafunika uso, matundu mawili ya macho tu, na wewe uliona zile foto za Marekani za Ku Klux Klan, wale wazungu wenye walikuwa wanatesa watu weusi, moyo utaruka. Usiogope. Ile ni nguo ya toba, ya zamani kuliko wale wa Marekani kabisa, uso unafunikwa ili mutu asijulikane anatubu nini. Kuhusu watu, nitakuambia vile niliona mimi: wanasalimia, wanaongea sauti kubwa, wanakuita "mi alma," maana yake roho yangu, hata kama hawakujui. Wazee wanaweza kukukazia macho, si ubaya sana. Polisi waliniuliza makaratasi mara mbili miaka mine, na mara zote mbili kwa ile barabara nzima ni mi peke yangu waliuliza, sitakudanganya kwamba haikuuma. Beba pasipoti yako na karatasi ya anwani ya yaya.

Dada_wa_Mabanga (Goma)

Mwalimu, salamu. Dada Furaha amesema vizuri sana, mi niongeze upande wenye yeye ameruka kidogo. Nilifika Sevilla na mume wangu, siye ni waislamu, na nilishangaa vile ule muji unaongea lugha nusu naijua.

Guadalquivir yenyewe ni Kiarabu, al-wadi al-kabir, bonde kubwa, muto mukubwa. Ile kasri yao inaitwa Alcázar, ni neno lile lile letu kasri! Sukari wanasema azúcar, zeituni wanasema aceituna. Kila mara mume wangu alikuwa anasoma kibao kwa sauti mi nacheka nasema hii naijua bila kusoma.

Kanisa kuu limejengwa fasi musikiti mukubwa ulikuwa. Wakristo walichukua muji 1248, mwaka 1401 wakaamua kuweka kanisa jipya, na likatoka kubwa kuliko makanisa yote ya Gothiki duniani. Lakini munara hawakuweza kuuvunja, ulikuwa muzuri kupita, wakauachilia wakaongeza tu fasi ya kengele juu, kazi ikaisha 1568. Huo njo Giralda. Chini ni munara wa adhana wa miaka ya 1184 mupaka 1198, na wandugu zake wako Marrakech na Rabat, ukiona foto zao tatu unajua ni tumbo moja. Ndani hakuna ngazi, ni njia ya kupanda polepole inazunguka, mizunguko 35, banasema ili mwenye kuita sala apande juu ya farasi ao punda. Mama mukwe wangu mwenye magoti mabaya alipanda mupaka juu. Na kwa musingi, angalia mawe, kuko yenye maandishi ya Kirumi yamegeuzwa yakawekwa kama matofali. Siye wa Goma tunajenga juu ya mawe ya volkano ju njo iko, na wao walijenga na mawe ya wenye waliwatangulia.

Kiwanja cha machungwa pembeni ya kanisa ni kile cha musikiti, fasi watu walikuwa wanatawadha. Wakati wa Pasaka ile michungwa inachanua maua, muji muzima unanukia. Usikule yale machungwa, ni machungu.

Kwa kanisa utaona kaburi la Kolombo pia, jeneza limebebwa na sanamu ine za falme za Hispania. Mabaki yake yalitolewa Havana wakati Hispania ilipoteza Kuba, 1898. Wewe utakuwa na mengi ya kufikiri pale, mi nilipita tu.

Mwenye kunivuta alikuwa Alcázar. Ile kasri yenye utaona mbele si waislamu walijenga, ni mufalme mukristo, Pedro I, alianza 1364, lakini aliita mafundi waislamu, na kwa uso wa kasri yake, kwa vigae vya buluu, imeandikwa Kiarabu mara nyingi nyingi "hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu". Mufalme mukristo na yale maandishi kwa mulango wake. Nilisimama pale mume wangu akasoma, mlinzi akatuangalia akatabasamu, tukabaki pale muda murefu. Vyumba vya juu jamaa ya mufalme wa Hispania wangali wanavitumia wakifika Sevilla.

Tiketi za Alcázar na kanisa nunua kwa intaneti siku mingi mbele, ile foleni ya mulangoni ni ya kuchoma jua. Na Ijumaa Kuu Alcázar wanafunga, usije ukajipangia ile siku.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Dada Furaha, dada wa Mabanga, nimesoma nikaita bibi yangu asome pia. Miaka kumi na mbili nafundisha utumwa kama kitu ya boti na bahari, sikujua kuko kanisa la watu wetu lenye lingali wazi. Conde Negro nitaiandika kwa ubao hata kama sitasafiri.

Lakini sasa munanipasua katikati. Alhamisi Kuu naitaka, na Alcázar na kanisa navitaka, na ile juma fasi zenyewe zinafunga ao zinapunguza saa. Na vyumba vya ile juma nimeangalia kwa telefone, usiku mumoja unakula karibu nusu ya franga yangu.

Mutoto_wa_Kamalondo (Lubumbashi)

Mwalimu, mi niko Lubumbashi, nilifika kule mara mbili juu ya mupira, niachie hesabu.

Kosa yenye unafanya ni kufunga zile siku tatu pamoja. Nani alikuambia zishikane? Zigawe. Alhamisi Kuu unatoka Madrid asubuhi, unafika, unaona Los Negritos yenu, na usikamate chumba. Unasikia? Usikamate chumba kabisa. Ule usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa banauita Madrugá, muji wote haulale, vikundi vikubwa vyote vinatoka usiku, Silencio, Gran Poder, Macarena, Esperanza de Triana, Gitanos, vinatembea mupaka Ijumaa mchana. Bantu beko barabarani na watoto wao, vikahawa viko wazi. Mwenye kulipa chumba ile usiku analipia kitanda chenye hatalala. Wewe unasimama, unasikiliza, wewe wa korale utasikia mutu anaimba peke yake kwa balkoni, bila gitaa, bila ngoma, banaita saeta, na hii barabara yenye bantu elfu inanyamaza kimya. Kikundi cha Silencio chenyewe kinapita bila mtu kukohoa. Ijumaa unapanda bisi unarudi Madrid unalala kwa yaya wako.

Kisha, juma yenye inafuata, unarudi Jumatatu na Jumanne. Kule kwao Jumatatu ya Pasaka si siku ya kupumzika, kazi inaendelea, beyi imeshuka, na Jumatatu jioni Alcázar iko na saa yenye kuingia ni karibu bure, ila lazima ukamate fasi mbele kwa intaneti, zinaisha mbio. Jumatatu jioni kasri, Jumanne asubuhi kanisa na Giralda, mchana Archivo, jioni bisi. Umelipa usiku mumoja tu, wa beyi ya kawaida. Safari mbili, lakini kwa bisi, si treni. Bisi ni saa sita na kitu, utachoka kiuno, wewe umezoea barabara ya Uvira, hiyo ya kwao ni mukeka.

Plaza de España pia ni bure, ni ya maonyesho makubwa ya 1929, nusu duara kubwa na mayi na madaraja ine na vigae vya kila jimbo la Hispania, bantu banakaa pale banacheza flamenko mchana, unatia sarafu kwa kofia. Mi nilikaa pale masaa mbili ju sikuwa na franga ya kwenda pengine, na njo fasi nakumbuka zaidi.

Kula: usikae kwa meza zenye zinaangalia kanisa. Vuka daraja, ingia Triana, dada Furaha anajua, simama kwa kaunta. Banakaanga samaki kidogo kidogo mzima mzima na unga, boquerones, unakula na kichwa, sawa sambaza zenu za Kivu kabisa, nilipozila nikafikiri watu wa Bukavu. Na mchicha na dengu kubwa zile banaita garbanzos, sahani kidogo, inashibisha.

Na mupira, usicheke mutu akikuuliza uko Betis ao Sevilla, ni swali ya kweli kule, linagawa hata nyumba. Sevilla iko na Europa Ligi 7. Mi niko Betis, kwanza kwa sababu Bakambu wetu alivaa ile kijani, pili kwa sababu Betis ni jina la zamani la muto wenyewe, vile Warumi waliuita. Na siye pia muji wetu ulipewa jina la muto.

Furaha_Nguba (Bukavu)

Kaka wa Kamalondo, hii ya kugawa siku sikuiwaza, na mi nilikaa kule miaka mine. Ni hivyo. Mwalimu, fanya vile.

Ila ongeza mambo mawili. Usiku wa mwezi wa tatu ao wa ine kule unaweza kuwa baridi, usidanganywe na jua la mchana, beba koti na viatu vyenye umeshavizoea, ju utasimama masaa kumi. Na mvua ikinyesha vikundi havitoki, sanamu ni za miaka mingi wanaogopa kuziharibu, watu wazima utawaona wanalia mulangoni pa kanisa. Sali isinyeshe. Telefone na pasipoti weka mbele ndani ya shati, katika ule musongamano kuko mikono myepesi.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Nimekata. Alhamisi na Ijumaa bila chumba, Jumatatu na Jumanne na chumba kimoja upande wa Triana. Nimeita yaya usiku huu, kwanza akapandisha sauti, kisha akasikiliza hesabu ya kaka wa Lubumbashi akanyamaza, kisha akasema basi Alhamisi tutaenda wote wawili, miaka tisa eko Madrid na yeye hajawahi kuona. Bisi atanunua yeye. Kwa hiyo euro 300 imepata pumzi.

Dada wa Mabanga, yale maandishi ya mulango wa kasri nitapiga foto nikuletee. Na kwa wanafunzi nitapiga foto ya mayi chini ya daraja, na ile ya Sanlúcar nitaichora mwenyewe kwa ubao, mchanga na boti yenye imekwama.

Dada Furaha, swali la mwisho. Ile Alhamisi nisimame fasi gani? Sitaki katikati kwa watalii, nataka niwaone vizuri.

Furaha_Nguba (Bukavu)

Simama pale Recaredo penyewe, karibu na mulango wa kanisa lao, ufike masaa mawili mbele ya kutoka. Kule katikati watu wamelipia viti, pale nyumbani kwao hakuna kiti, ni majirani. Mulango ule ni mudogo na Bikira na paa lake ni vikubwa, wanaume wako chini yake wanabeba na shingo, hawaoni kitu, wanaongozwa na sauti tu ya mwenye kusimama mbele. Akitoka salama bila kugusa, watu wanapiga mikono. Na wewe na yaya wako pigeni.

Kisha Jumatatu, ukishaweka begi kwa chumba, tembea mupaka darajani upande wa Triana, kuko fasi ukuta unashuka chini kidogo, kigari kinaweza kufika. Bibi yangu alishakufa. Muangalizie mayi dakika tano.